Bibi yangu ameoa. Je, yeye ni mwanamume?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mwanza. Bibi yangu mzaa mama anaishi Tarime, na tangu nikiwa mdogo nimejua kwamba ana "mke". Bibi alizaa mabinti watatu tu. Babu alipofariki, bibi akatoa ng'ombe akaoa. Huyo mke ana watoto wanne na wote wanatumia jina la babu. Nilipoyasimulia haya darasani wenzangu wakagawanyika. Wengine walisema basi bibi yako kijamii ni mwanamume, wengine wakasema huo ni ushoga wa Kiafrika, na mmoja akasema hapo ndipo unaona kwamba jinsia ni kitu cha kubuni tu. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Je, kwa macho ya Wakurya bibi yangu ni mwanamke au mwanamume? Na utamaduni unaweza kweli kumbadilisha mtu jinsia?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ulifanya vizuri kunyamaza, maana hayo ni maswali matatu na wenzako waliyafunga mzigo mmoja.

Nianze na neno uliloliandika mwenyewe bila kulishtukia: akaoa. Kiswahili hakina habari na mume wala mke kwenye "yeye". Ukiambiwa "daktari yuko ndani anakusubiri", utajua ni baba au mama ukishafungua mlango. Wageni niliowahi kuwafundisha Kiswahili walikuwa wakilifurahia sana jambo hili wiki ya kwanza, wakidhani wamefika nchi ambayo mwanamume na mwanamke wako sawasawa. Wiki ya tatu wanakutana na kitenzi "oa". Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na ukivigeuza watu wanacheka. Kijana akihamia nyumbani kwa mkewe, mtaani watasema "huyu kaolewa", na kila mtu ataelewa. Hakuna anayedhani mwili wa kijana umebadilika. Wanasema amekaa kwenye kiti cha anayeolewa. Hata mikono yetu imegawanywa hivyo: kwa Kiswahili cha wazee, wa kulia ni mkono wa kuume na wa kushoto ni mkono wa kike.

Vyuoni tumezoea kutenganisha maneno mawili, jinsi kwa maumbile ya mwili na jinsia kwa yale ambayo jamii inayategemea kwa mwenye mwili huo. Utengano huo unasaidia, ila ukiubeba kama ulivyo mpaka Tarime utakwama, kwa sababu pale swali la kwanza haliwi "huyu ni nani?" bali "hii ni nyumba ya nani?"

Unajua tayari kwamba desturi hii inaitwa nyumba ntobhu, na kwa kawaida hufasiriwa "nyumba isiyo na mwanamume". Sikiliza hilo neno nyumba. Katika boma la Kikurya la zamani mwanamume aliweza kuwa na wake watatu au wanne, na kila mke alikuwa na nyumba yake, si kwa maana ya paa na kuta tu. Nyumba ilikuwa na ng'ombe wake na shamba lake. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, mahari yake iliingia kwenye nyumba aliyozaliwa, na kaka yake wa tumbo moja ndiye aliyeoa kwa ng'ombe hao. Sasa fikiria nyumba ya bibi yako. Mabinti watatu wameolewa, ng'ombe wameingia mara tatu, na hakuna wa kuwaolea. Babu akifa, ng'ombe hao wanaanza kuangaliwa na macho mengi: watoto wa wake wenza, shemeji, wana wa shemeji.

Na wala sheria haikumkinga sana. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilikusanya mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuziandika katika Tangazo la Serikali Namba 436. Humo imesemwa kwamba mjane hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Sentensi hiyo nimewasomea wanafunzi kwa miaka mingi na kila mara chumba kinanyamaza. Ukiwa na wana, ni sentensi ya upendo. Usipokuwa nao, na mabinti wameshahamia kwa waume zao, maana yake ni kwamba umesimama uani mwa watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuja kusema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na hilo ni jambo kubwa, lakini bibi yako nadhani alitoa ng'ombe wake kabla habari hiyo haijafika kijijini.

Basi akafanya walichofanya wanawake wa huko kabla yake. Alitoa mahari, akaleta msichana, msichana akazaa kwa mwanamume ambaye hana sauti juu ya watoto, na watoto wakawa wa nyumba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha Tarime siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Mvulana mmoja alikuja na mama mzee aliyeshika mkono wake. Mwalimu akauliza jina la baba. Mtoto akataja jina. Mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza kwamba mwenye jina hilo, mume wa yule mama mzee, alikufa kwa ajali, akanitajia na mwaka. Nikahesabu: alikuwa amekufa miaka kumi na moja kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwalimu, ambaye naye ni Mkurya, aliliandika bila kuinua kalamu. Katika chumba kile aliyekuwa akihesabu miaka ni mimi peke yangu.

Baadaye nikakaa na yule mama mzee uani, akipura mtama. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama wa mtoto huyu ni mke wako?" Akacheka.

"Ni mke wa mwanangu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Hakuzaliwa," akasema, akaendelea kupura.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho vitabu nilivyosoma vilikuwa vimeniambia lakini sikukisikia. Wakurya humwita mwanamke aliyeolewa hivi mokamona, na neno hilo ni ndugu kabisa wa mkamwana wetu, yaani mke wa mtoto. Kwa hesabu ya nyumba, bibi yako si mume. Ni mama mkwe. Alimzalia nyumba mwana wa kufikirika, akamwolea, na wajukuu wakaja kweli. Ndiyo maana, nakuhakikishia bila kumjua, watoto hao wanne wanamwita bibi, hawamwiti baba. Ukisema "bibi ameoa" unasema kweli kuhusu ng'ombe, lakini Kiswahili kimekupa kitenzi ambacho kinakusukuma umtafute mume mahali ambapo mume hayupo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibika: ni mwanamke, ni mama, na ni mama mkwe. Jambo lisilo la kawaida limewekwa kwa mtoto ambaye hakuzaliwa, yeye likampita.

Ungekuwa umezaliwa safari ya siku moja kaskazini-mashariki ya hapo, ningekujibu tofauti. Wanandi wa Kenya wana tatizo lile lile: ukoo wa baba, nyumba za wake, ng'ombe wa kila nyumba, na mama asiye na mwana. Dawa yao ni nyingine. Kwao yule mama anayetoa mahari husemwa waziwazi kwamba amekuwa mwanamume. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler, aliyeandika juu yao mwaka 1980, alikutana na mmoja aliyemweleza kwamba habebi mzigo kichwani, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wanawake na yeye alishakuwa mwanamume. Anatarajiwa pia kuachana kabisa na mambo ya kitandani na wanaume, maana mwanamume hazai, na akizaa hesabu yote ya urithi inavurugika.

Lakini Oboler hakuishia kuwasikiliza, aliwatazama. Akaona kwamba katika mambo mengi ya kila siku wanaishi kama wanawake wengine wa umri wao. Mahali ambapo neno "ni mwanamume" lilikazwa hadi mwisho ni kwenye mali na urithi. Ukimgusa hapo, ni mwanamume asiye na mjadala. Napenda sana utafiti huo kwa sababu unamwonyesha mtu ambaye uanaume wake una mipaka inayojulikana, kama shamba.

Tatizo ni moja, na majirani wamekuja na dawa mbili. Wakurya wamebuni mwana, Wanandi wakampandisha mama cheo. Na wote wawili wamefanya hivyo ili wasiguse kanuni moja: mali hupita kwa mwana wa kiume.

Sasa shuka nami mpaka milima ya Uluguru, Morogoro. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo hupitia huko. Mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba. Mama mwenye mabinti watatu bila mwana, yule ambaye Tarime analala akiwaza ng'ombe wataenda wapi, huku ana nyumba iliyojaa: mabinti ndio wanaoendeleza ukoo. Usitafute nyumba ntobhu huko. Hakuna pengo la kuzibwa. Wote ni Watanzania, wote ni wakulima, wengine wanakaa dawati moja nawe. Ukitaka mfano wa utamaduni unavyoamua mwanamke anahitaji nini ili awe na amani uzeeni, huna haja ya kwenda mbali zaidi ya Morogoro.

Lakini nitakupeleka mbali kidogo, kwa sababu mfano huu huwa unanisaidia kuwatuliza wanaodhani haya ni mambo ya Afrika. Katika milima ya kaskazini mwa Albania, Ulaya, kulikuwa na sheria ya mila iitwayo Kanun. Mali ilipita kwa wanaume, visasi vya damu viliwamaliza wanaume, na nyumba zilibaki bila mkuu. Huko mwanamke aliweza kula kiapo mbele ya wazee kwamba hataolewa wala hatalala na mwanamume maisha yake yote. Baada ya hapo alikata nywele, akavaa suruali na kofia ya kiume, akabeba bunduki, akavuta tumbaku na kukaa na wanaume barazani, na nyumba ikawa yake. Wanaitwa burrnesha. Wachache sana wamebaki leo.

Mweke huyo burrnesha kando ya bibi yako. Wa Albania alibadilisha kila kinachoonekana, na gharama yake ilikuwa watoto: asizae kamwe. Bibi yako hakubadilisha hata kanga yake, na alichokipata ni watoto wenyewe. Albania waliuona uanaume kwenye nguo, silaha na kiapo. Tarime wameuona kwenye ng'ombe na jina. Ukimwambia mzee wa Tarime kwamba mwanamke amekuwa mkuu wa nyumba kwa kuvaa suruali, atakutazama kama umelewa.

Na kuna jamii zilizouweka uanaume kwenye tendo la ndoa lenyewe. Sohar, Oman, miaka ya 1970, mtafiti Unni Wikan aliandika juu ya watu walioitwa xanith, wenye miili ya kiume, waliokaa na wanawake kwenye shughuli zao na kuhesabiwa si wanaume kamili wala si wanawake. Kwa maelezo yake, mmoja wao akioa na ikathibitika kwamba ameweza, jamii ilimpokea upande wa wanaume. Maelezo hayo yalizua mabishano makali miongoni mwa wasomi, kwa hiyo yachukue kwa uangalifu. Mimi kinachonivutia ni neno. Sisi tulilichukua kutoka Kiarabu tukapata hanithi, na kwenye Kiswahili maana yake ya kwanza ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Neno lilivuka bahari. Ile nafasi ya mtu wa katikati ikabaki Sohar, huku tukabaki na tusi.

Nije kwa wenzako waliosema ushoga. Vyombo vya habari vya nje vimewachanganya, maana kila baada ya miaka michache mwandishi hufika Tarime, hupiga picha ya mama wawili wamekaa mlangoni, na kichwa cha habari kinakuwa "ndoa za jinsia moja Tanzania". Wanawake wenyewe niliozungumza nao hushangaa au hukasirika wakielezwa hivyo. Nyumba ntobhu haikuanzishwa kwa ajili ya mapenzi kati ya wawili hao. Mdogo ana mwanamume wake, na bila huyo mwanamume desturi nzima haina kazi. Lakini usinielewe vibaya upande wa pili: hili halithibitishi kwamba watu wanaopenda wa jinsi yao hawakuwahi kuwepo kwetu. Desturi hii haiwazungumzii tu. Nimeona inatumiwa mitandaoni na pande zote mbili kama fimbo, na bibi wa watu hajui hata kwamba yumo kwenye ugomvi.

Vivyo hivyo kwa utambulisho wa kijinsia kama unavyozungumzwa leo, yaani mtu anavyojihisi na kujijua moyoni mwake. Hilo ni swali halali, na lina watu wake wanaoishi nalo kwa maumivu na kwa furaha. Ila ni swali ambalo nyumba ntobhu haiulizi kabisa. Hakuna mzee aliyemwita bibi yako akamuuliza anajisikiaje. Waliuliza ng'ombe wako wangapi na msichana ametoka ukoo gani. India, hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2014 iliyotambua jinsia ya tatu ilijengwa juu ya haki ya mtu kujitambua mwenyewe. Hapo aliyeulizwa ni mtu. Tarime iliulizwa nyumba. Ukijibu swali la mmoja kwa jibu la mwingine, utamkosea kila mmoja.

Yule rafiki yako wa "kitu cha kubuni tu" nampa nusu ya alama. Kubuni, sawa. Hiyo "tu" ndiyo siitaki. Huko kwenu mpaka wa shamba ni mstari wa minyaa uliopandwa na mtu. Hakuna mpaka ulioota wenyewe. Jaribu basi kuuvuka na jembe lako uone. Watu wamekatwa mapanga kwa minyaa. Jamii ikishakubaliana kwamba mwenye mali ni mwana, basi mama asiye na mwana atalala njaa kweli, hata kama makubaliano yenyewe ni ya watu. Na mwili nao una neno lake: bibi yako alibuni mwana, lakini wajukuu hawakubuniwa. Ilibidi apatikane mwanamke kijana wa kubeba mimba nne.

Na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu barua yako imemtaja bibi mara nyingi, na huyo mwingine umemwita "huyo mke" basi.

Wako wanawake wanaoichagua nyumba ntobhu kwa macho makavu. Wengine walikimbia kipigo cha mume, wakaona afadhali kuishi na mama mzee atakayewalinda, wakiwa huru kumchagua mwanamume na kumfukuza. Nimewasikia wakisema hivyo na sina sababu ya kuwabishia. Lakini wapo pia walioletwa wakiwa wasichana wadogo, kwa sababu baba yao alihitaji ng'ombe, na mwanamume wa kuzaa naye wakachaguliwa. Desturi iliyomwokoa mjane mmoja inaweza kumbebesha mzigo ule ule msichana mwingine, kwa kuwa kanuni ya mwana wa kiume haikuguswa, ilizungukwa.

Kisheria pia yeye ndiye aliyesimama mahali pembamba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ndoa yake haitambuliwi. Bibi akifariki na watoto wa shemeji wakaja na madai yao, huyo mama ataingia baraza la kata bila cheti chochote. Kenya mambo yalienda tofauti mwaka 2011, pale Mahakama Kuu ya Mombasa, katika mgogoro wa urithi, ilipokubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Kinandi, pamoja na watoto wake, wana haki ya kurithi mali ya marehemu. Kwetu sijui hukumu ya kufanana na hiyo ya kukupa uitegemee.

Ukienda Tarime likizo hii, mpelekee bibi sukari, kisha umtafute mama huyo akiwa peke yake, jikoni au kisimani. Muulize alikuja akiwa na miaka mingapi, na yeye anamwitaje bibi wakiwa wawili. Halafu muulize kama watoto wote wanne wana vyeti vya kuzaliwa, na kwenye mstari wa jina la baba kumeandikwa nani. Kama hawana, msaidie kuvifuatilia wakati bibi bado yuko hai na anaweza kusema mwenyewe hawa ni wajukuu wa nyumba gani.